Mtoto wa Katikati wa Kabati la Mwaitu

Zombe, Kitui
Ijumaa, baada ya swala

Dada yangu Mwanakombo,

Shikamoo, dada. Nakuamkia kwa kalamu kwa kuwa mkono haufiki Vanga. Je, goti lako limepoa? Na shemeji Bakari, kile kikohozi cha asubuhi kimemwachia? Watoto wanalala salama? Mimi ni mzima, alhamdulillahi. Homa ilinishika mwezi uliopita ikanilaza kama gunia, lakini sasa imeniacha, imebakisha ulegevu wa miguu tu.

Najua mmeniona kimya. Si kwamba nimesahau nyumbani. Kuna jambo limetokea hapa jirani yangu, nami nimo ndani yake kwa sababu ya kazi ya mikono yangu, na kila nikiketi kuandika naona nikieleza nusu nitakuwa nimekudanganya. Leo nalieleza lote. Msomee shemeji, lakini watoto waache nje wacheze.

Zombe ni maduka machache yaliyotazamana kando ya barabara ya vumbi. Mvua imekataa tangu nilipokuja. Maji yanachimbwa katika mchanga wa mto uliokauka, yanaletwa na punda, na yanapofika nusu yake ni tope. Chakula ni muthokoi, yaani mahindi yaliyokobolewa, yakapikwa na kunde. Ni chakula kizuri, kinashibisha, ila, dada, nimeanza kusahau harufu ya samaki. Karakana yangu ni banda la mabati nyuma ya duka la Mzee Shee, yule mtu wa kwetu aliyenileta huku kumpigia rafu za duka lake. Kazi ipo. Watu wa huku wanapenda kabati, na mbao zao ni za heshima. Kuna mti wanauita mukau, rangi yake kama chai iliyokolea. Mchwa hawaugusi, na ukiupiga randa unatoa maranda marefu kama utepe.

Duka la pili ni la mwanamke mjane, Mkamba, Mwislamu, jina lake Bi Salama. Lakini mji mzima humwita Mwaitu, neno la Kikamba la kumwita mama, nao humwita hivyo mama yeyote mtu mzima wanayemheshimu. Anauza chumvi, sukari na nguo. Macho yake yameingia ukungu. Mtu anamjua kwa sauti, kitambaa anakijua kwa vidole. Zamani alikaa Mwingi na mumewe. Mume alipofariki wakati wa vita akahamia huku peke yake, kwa kuwa mtoto wake mmoja tu, Musa, alikuwa ameshachukuliwa askari na kupelekwa Burma. Vita vikaisha. Vijana wa Ukambani wakarudi na makoti yao mazito. Musa hakurudi, wala hakuna aliyekuja kusema amekufa. Labda habari ilitumwa Mwingi ikakosa mwenyewe. Sijui.

Basi siku moja akaja karakana akipapasa ukuta. "Fundi Abdalla, nataka kabati. Juu milango miwili, chini droo tatu zikae safu moja."

Huku wanasema droo. Nikamwambia kwetu pwani twasema mtoto wa meza, au mtoto wa kabati. Akacheka mpaka akashika kiuno.

"Aiya! Basi nipatie watoto watatu. Mmoja wa baba yake Musa, nguo zake bado ninazo. Mmoja wangu. Wa katikati wa Musa."

"Na Musa mwenyewe akirudi, Mwaitu?"

"Akirudi atavua hiyo koti ya vita. Kanzu yake ataikuta mahali pake."

Dada, ile kazi niliifanya kwa moyo. Wewe umekua na baba katika vumbi la mbao, unajua kwamba kabati ni maneno mengi lakini fundi hupimwa kwa watoto wake. Ubavu ukizidi hata unene wa ukucha, mtoto anakwama. Ukipungua, anacheza kama jino bovu. Nilikata meno ya pembeni yakaumana bila msumari hata mmoja. Nikachimba mfuo wa kupitisha ubao wa chini, nikapiga vibao vya njia, nikavisugua kwa nta. Kila mtoto ukimsukuma alikuwa anaingia taratibu huku akitoa pumzi, fuu, hewa ikikimbia nyuma. Mzee Shee alijaribu akasema hata Mombasa hajaona.

Tukalibeba kwa mkokoteni wa ng'ombe, ingawa ni hapo tu, maana lilikuwa zito. Nikaliweka katika chumba cha nyuma ya duka, sakafu ya saruji, nikaweka pima maji juu na chini. Limekaa sawa kabisa. Mwaitu akapanga nguo mwenyewe kwa mikono. Katika mtoto wa katikati aliweka kanzu, kofia iliyoshonwa kwa mkono, na kiatu kimoja cha mtoto mdogo. Akasukuma, fuu, tukanywa chai.

Siku chache baadaye akaniita. "Fundi, droo ya Musa inatoka."

"Inatoka vipi?"

"Inatoka. Naifunga, nikirudi inanigonga kiuno."

Nilidhani ni ukame. Mbao zikikauka hupungua, na nta ikipata joto huteleza kupita kiasi. Nikafuta nta. Akaniita tena. Nikatia vipande vya mbao chini ya miguu ya mbele, kabati likaegemea nyuma, hata mtu akitaka kumtoa mtoto ilikuwa ni kumvuta kupanda mlima. Nikasema, haya, sasa atoke tuone.

Nikaketi pale kwenye kigoda kumtazama, maana nilikuwa nimekasirika kama fundi. Ulikuwa wakati wa adhuhuri, jua kali, mlango wazi, kuku wakitembea uani, Mwaitu dukani akipima sukari ya mteja. Sikuwa nimelala, dada, na homa ilikuwa bado haijanishika. Mtoto wa katikati akaanza kutoka. Hakushtuka, hakulia. Alitoka polepole, kama anayevutwa kwa kidole kimoja na mtu asiyetaka kusumbua nyumba. Akafika upana wa kiganja akasimama. Wale wawili wa pembeni hawakutikisika. Halafu nikasikia harufu ya udongo uliolowa, harufu ya msitu uliolala katika mvua, hapa Zombe ambapo hata mate ya mtu yanakauka. Nikasoma nilichojaliwa kusoma, nikasukuma, akaingia, fuu.

Nikatoka nikamwambia Mwaitu nitamvunja yule mtoto wa kabati nimtengeneze upya. Akakataa.

"Usiguse. Nimekuita kwanza kwa sababu nilidhani ni makosa ya mbao. Sasa najua. Musa yuko njiani."

Nikakusanya randa na patasi zangu, nikarudi karakana.

Na kweli, mwezi haujaisha, mtu akaja. Nilikuwa pale pale dukani nikifunga bawaba ya dirisha. Viatu vya askari vilisimama kizingitini. Alikuwa kijana mrefu, koti la jeshi begani, mfuko wa turubai mkononi. Hakuingia. Alivua kofia akasema neno moja tu, kwa adabu, "Mwaitu."

Bi Salama aliangusha kipimo cha sukari. Akaja mbio, mikono mbele, akamshika uso, akamshika masikio, akamshika mabega, akapiga ukelele uliotoa watu madukani. "Mwana wakwa! Mwanangu! Musa!"

Mimi nilikuwa upande wa dirisha nikimwona yule kijana usoni. Uso wake, dada, ulikuwa wa mtu aliyeita kisimani, kisima kikamwitikia kwa jina la mtu mwingine. Alifungua mdomo. Mwaitu alikuwa amekwisha kumkumbatia, analia kifuani pake. Akaufunga.

Mbuzi alichinjwa, watu wakala. Hakuna hapa aliyemjua Musa tangu utoto, maana mama alihamia peke yake, kwa hiyo kila mtu alimpokea kama alivyopokewa na mamake. Naye alikuwa mtu mwema. Alibeba magunia, akatengeneza paa, akamchotea mama maji kabla punda hajaamka. Mwaitu akamuuliza habari za Mwingi, jina la mbuzi wake wa kwanza, nani alimtoboa mguu kwa mshale, wimbo wa babake wa kumbembeleza. Akajibu vyote. Wimbo akauimba.

Lakini mimi niliona mambo madogo. Ukimwita Musa, aligeuka baada ya kidogo, kama neno lilipita nyumba ya pili kwanza. Msikitini alirukuu baada ya wenzake kurukuu, akasujudu baada ya wenzake kusujudu, jicho lake likimfuata jirani. Nikajiambia vita humsahaulisha mtu mengi. Na jambo jingine: kila alipoingia kile chumba alipita ukutani, mbali na kabati. Nguo zake zilibaki katika ule mfuko wa turubai.

Mwaitu akaniita. Safari hii hakuwa na kicheko. Alikuwa ameketi kitandani, mikono katikati ya magoti.

"Fundi, mwanangu amerudi, sivyo?"

"Amerudi, Mwaitu."

"Anakula hapa, analala hapa. Basi niambie. Ile droo bado inatoka. Nani anaomba kuingia?"

Akaendelea kwa sauti ya chini, "Nimemuuliza kila kitu, na kila kitu anajua. Lakini askari wanakaa pamoja miaka. Wanaambiana ya nyumbani. Mtu anaweza kujifunza mama wa mwenzake kama vile watu wanajifunza wimbo. Wewe ndiye uliitengeneza hiyo kitu. Mwite, ukae hapa, mniambie kama ni mbao."

Nikamwita. Alikuwa uani akipasua kuni. Aliposikia ni habari ya kabati, alisimama na shoka mkononi muda mrefu, kisha akalilaza chini kwa uangalifu, akaingia. Tukakaa watatu, adhuhuri tena, mlango wazi. Nikamtoa mtoto wa katikati nikamwonyesha mbavu zake, meno yake, njia zake. Nikamwambia Mwaitu mbele ya Mungu kwamba katika mbao sioni sababu. Nikamrudisha, nikamsukuma mpaka ndani.

Hatukungoja sana. Akatoka, taratibu vile vile, dhidi ya mlima niliomwekea, na ile harufu ya msitu wa mvua ikajaa chumba. Mwaitu hakuona, lakini aliinua uso akanusa. Yule kijana akapiga magoti, si mbele ya mama, ila mbele ya kabati.

"Basi, ndugu yangu," akasema. "Basi, Musa. Nimesikia. Nasema sasa."

Mwaitu hakusogea. "Wewe ni nani?"

"Mimi naitwa Kyalo, Mwaitu. Kwetu ni Sultan Hamud. Mimi na Musa, kijana wako... tulikuwa pamoja, blanketi moja. Alikufa huko msituni, mvua ikinyesha. Si risasi. Ni tumbo. Alisema, enda kwa mama, umwambie, usimwache akingoja bure. Nilifika Mwingi, wakanielekeza huku, nikaja kusema hiyo. Nilisimama kwa mlango nikasema Mwaitu, vile ningesema mama yeyote. Wewe ukanishika. Nikasema nitamwambia kesho. Kesho ukanipikia. Nikashindwa."

Kuku waliendelea kudonoa uani. Mteja dukani alipiga meza akiita, hakuna aliyeenda. Nilidhani Mwaitu ataanguka, nikainuka kumshika, akanisukuma.

"Nani alimwosha?"

"Mimi. Alinifundisha vile nyinyi Waislamu mnafanya, kabla ya kufa. Nilimwosha na maji ya mto, nikamfunga na blanketi yetu. Sikujua kusoma maneno. Nilisema tu jina lake na jina lako."

Mwaitu akalia, dada, lakini bila sauti, machozi yakishuka tu katika yale macho yasiyoona. Kisha akauliza swali ambalo mimi sikulifikiria.

"Na wewe, mama yako yuko wapi?"

Kijana akainamisha kichwa. "Yuko. Sultan Hamud."

"Anajua umerudi?"

"Nilipita na gari moshi. Nilisema nipeleke hii habari kwanza, halafu nirudi kwake."

"Nimekuuliza anajua?"

"Hajui."

Mwaitu alisimama. Nimemwona akikasirikia wateja wakorofi, lakini ile ilikuwa nyingine. Alimtafuta kwa mkono mpaka akampata bega, akampiga kofi la uso, akampiga tena, kisha akaushika ule uso alioupiga kwa mikono yote miwili.

"Kuna mwanamke anasikiliza kila kiatu kinapita kwa mlango! Kila kiatu! Na mtoto wake yuko hapa anakula chakula cha maiti! Unajua vile hiyo kungoja iko? Ondoka. Ondoka leo, jua likiwa juu. Mlango huu ulifunguliwa kwa jina la Musa. Ukitaka kurudi, rudi na jina lako, na usimame nje mpaka nikukaribishe."

Alimfungia chakula kwa kitambaa kwa mikono yake. Kijana akachukua mfuko wake na kutembea kwenda kutafuta lori la mbuzi la kumfikisha barabara kuu. Hakugeuka. Nami nikabaki na Mwaitu mpaka wanawake wa jirani wakaja, na kilio kikaanza, kile kilio kilichochelewa miaka.

Tulimsomea Musa khitma uani kwake. Nguo zake Mwaitu alizitoa sadaka, kile kiatu kidogo tu alikirudisha. Tangu siku ile mtoto wa katikati hajatoka tena. Nimemjaribu mwenyewe. Anateleza, anaingia, anatulia, kama watoto wote niliowahi kutengeneza. Nimetoa hata vile vipande chini ya miguu. Watu wananiuliza ilikuwa nini, nami nawaambia sijui, na wewe pia nakwambia sijui.

Kyalo alirudi. Ilikuwa baada ya mimi kupona homa. Tulisikia hodi, tukamwona amesimama juani hatua kadhaa kutoka mlangoni, na kando yake mwanamke mfupi mwenye kikapu cha viazi kichwani.

"Hodi. Mimi ni Kyalo wa Sultan Hamud. Nimekuja na mama."

Mwaitu aliweka kipimo chini, akapapasa ukuta mpaka kizingitini. Kisha akasema karibuni. Wale kina mama wawili waliketi kwenye mkeka. Mama Kyalo alimshika Mwaitu mkono, akaanza kumsugua vidole kimoja kimoja, kama mtu anavyomsugua mtoto aliyetoka kwenye baridi. Mimi nikaondoka, nikaenda kupiga randa ubao usiohitaji randa.

Ningetaka kuishia hapo, dada, lakini kuna lililobaki, nalo ndilo linaloniamsha alfajiri. Habari imesambaa. Juzi juzi alikuja mwanamke kutoka kijiji cha Tulia, ametembea mpaka nyayo zimepasuka. Mumewe alikwenda Burma hakurudi. Hataki kabati. Anataka mtoto mmoja tu, na kijisanduku cha kumweka, wa kuwekea shati la mume wake.

Nikamwambia, "Mama, mimi ni fundi wa mbao. Sina ninalojua zaidi ya hapo."

Akasema, "Najua, fundi. Wewe tengeneza tu. Mimi nitakaa niitazame. Itoke, nitajua amekufa; isitoke, nitajua ni wa kungoja."

Nimemkatalia. Analala kwa Mwaitu, na kila asubuhi namkuta ameketi mbele ya karakana, hanisumbui, hasemi. Leo nimeona wengine wawili kando yake, siwajui wametoka wapi, kila mmoja ana nguo imekunjwa mapajani. Mbao ninazo. Dada, ungekuwa mimi, ungewafanyia? Niambie upesi, maana nimeshindwa kupita mbele yao.

Nisalimie shemeji Bakari, mwambie asivute ile tumbaku. Msalimie shangazi aliyetulea, umbusu mkono kwa niaba yangu. Mwalimu wa chuo aliyenifundisha alifu umwombe anikumbuke katika dua, na anikumbukie Musa, mtoto wa Salama, ambaye hakumjua. Jirani yetu mshona kofia mwambie kofia yake ninayo na inasifiwa. Watoto wote, wakubwa kwa wadogo, wape mikono.

Ni mimi mdogo wako, niliye mbali na wewe kwa njia tu,
Abdalla, fundi